Utani na Usimulizi katika Filamu za Isaac Nabwana

Historia ya filamu bubu huandikwa kana kwamba ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920, sauti ilipotamalaki Hollywood. Katika vibanda vya video vya Kampala, iwe Kansanga au Wakaliga, jambo moja la enzi hiyo limesalia: mtu mwenye kipaza sauti anayewaeleza watazamaji kile wanachokiona. Japani walimwita benshi. Dar es Salaam alivuma Lufufu. Uganda huitwa VJ. Waganda, kwa njia, huuita ukumbi wenyewe ekibanda, neno ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa.

Isaac Nabwana, mwasisi wa Ramon Film Productions, ni zao la usimulizi huo. Utotoni hakuziona filamu za Bud Spencer na Chuck Norris. Alisimuliwa na kaka yake aliyekuwa akitoka kuzitazama. Hapo ndipo panapoeleweka kwa nini ucheshi wake huegemea mwili kuliko mazungumzo: mateke, miereka, helikopta ya kompyuta inayoelea juu ya mapaa ya mabati. Mack Sennett, aliyeanzisha Keystone mwaka 1912, angeielewa kazi hii bila mkalimani.

Hata hivyo, ulinganisho huo unaficha tatizo. Who Killed Captain Alex? (2010) inajulikana duniani kupitia toleo lenye sauti ya VJ Emmie, anayesimulia kwa Kiingereza. Anayecheka, anachekeshwa na nani: Nabwana au Emmie? Wahakiki wengi wa ng'ambo hawaulizi. Hutaja bajeti, inayosemwa kuwa chini ya dola 200, kisha huucheka umaskini na kuuita ubunifu. Emmie anawatangulia: anaisifu filamu kupita kiasi na kuwakejeli wahusika wake, hata mtazamaji akajikuta anacheka pamoja na Wakaliga kabla hajapata nafasi ya kuicheka Wakaliga.

Huu ni utani kwa maana kamili ya neno, na utani una sharti moja: mtani lazima aweze kujibu. Ndani ya kibanda, watazamaji hupiga kelele, humpinga msimulizi, naye huwarudishia. Toleo lililorekodiwa limenasa sauti ya Emmie bila majibizano hayo. Mtazamaji wa Toronto anasikia upande mmoja tu wa utani, na kwake unaweza kugeuka kejeli tupu.

Bad Black (2016) inalishughulikia jambo hili vizuri zaidi. Daktari wa Kimarekani, anayeigizwa na Alan Hofmanis, anafundishwa kupigana na mtoto wa mtaa wa mabanda aitwaye Wesley Snipes. Mgeni anaanguka, anaamka, anakaripiwa tena. Jibu la mtani limewekwa ndani ya picha yenyewe, si juu yake. Emmie yumo humo pia, lakini akinyamazishwa, mafunzo hayo bado yatachekesha. Captain Alex bila yeye hupoteza nusu ya vichekesho vyake.