Kamba Katikati ya Darasa

Mwalimu haanzi na fasili. Anatandaza kamba ya mkonge sakafuni, kutoka ukutani hadi mlangoni, kisha anaandika kwa chaki: kushoto "Alikuwepo", kulia "Alisimuliwa". Ubaoni ameandika swali moja: Nini kilitokea katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907?

Mezani ziko kadi nne za manila alizozikata kwa mkasi. Kila kadi inaeleza mambo matatu tu: nani, lini, alijuaje.

Ya kwanza ni kitabu cha kiada. Inakwenda kulia bila ubishi.

Ya pili ni kitabu cha von Götzen, gavana wa Wajerumani wakati wa vita, kilichochapishwa 1909. Watoto wanakipeleka kulia. Si vita vilikuwa vimekwisha? Mwalimu hasemi kitu. Anaweka kidole juu ya neno "nani" na kukiacha hapo. Mvulana mmoja anaihamisha kadi kushoto, kisha anauliza, "Kwa hiyo anasema kweli, Mwalimu?"

"Alikuwepo, mwanangu. Kusema kweli ni swali jingine."

Ya tatu ni masimulizi ya wazee wa kusini, yaliyokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Darasa linanyamaza. Mwalimu naye ananyamaza, anapangusa chaki vidoleni, kidole kimoja baada ya kingine. Hatimaye msichana wa nyuma anauliza, "Hao wazee, wote walikuwa wamezaliwa?" Mwalimu anachukua mkasi, anaikata kadi katikati. Nusu ni ya walioona kwa macho yao, nusu ni ya waliohadithiwa na baba zao. Kila nusu inapata upande wake.

Ya nne ni tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu vita hivyo, Kinjeketile, ya 1969. Mtunzi alizaliwa 1943. Kulia, wanaitika wote.

Mwalimu anafuta swali la ubaoni taratibu, anaandika jingine: Mwaka 1969, Watanzania waliviona vipi vita hivyo? Anarudi kando, anakunja mikono, anasubiri.

Msichana yule yule anainuka, anaokota kadi ya nne, anavuka nayo kamba.

Sasa ndipo mwalimu anaandika kushoto "chanzo cha awali", kulia "chanzo cha upili", na kuanza kukunja kamba yake.