Breka inalinda waya, hailindi mtu

Mwezi wa saba huku Kibosho na Machame maji ya bomba yanauma mifupa. Ndiyo maana video za "funga hita ya bafuni mwenyewe" zinapendwa. Nimetazama kadhaa, na sifa zao nawapa: lugha nyepesi, kamera iko karibu, na wengine wanasisitiza uzime umeme kwanza kisha uhakikishe kwa testa. Safi kabisa.

Shida inaanza fundi anapoonyesha breka na kusema ikiwepo hiyo, uko salama. Hapana! Hebu piga hesabu nami. Hita ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta ampea 24 hivi, kwa hiyo inawekewa breka ya ampea 32. Moyo wako unaweza kuvurugwa na ampea 0.1 tu ikipita kifuani. Breka ile haitashtuka hata kidogo, maana kazi yake ni kuzuia waya usiungue.

Kinachokulinda wewe ni waya wa ethi, ule wa kijani na njano, pamoja na kifaa kinachokata umeme ukivuja ampea 0.03 tu. Katika video nilizoona, kifaa hicho hakitajwi, na kuna mahali waya wa ethi unakunjwa na kufichwa. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Kubadilisha koki, jifunze mtandaoni. Hita ya bafuni mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, na kabla hajaondoka muulize: ethi iko wapi?