Nusu Zisizo Nusu: Lugha ya Kuahirisha Kazi katika Linux Device Drivers

Linux Device Drivers ni kitabu cha mafundi, wala hakikuandikwa ili kihakikiwe na watu wa idara za lugha. Toleo la kwanza, la mwaka 1998, liliandikwa na Alessandro Rubini peke yake. La pili, la 2001, aliliandika pamoja na Jonathan Corbet. Na la tatu, la 2005, lilimwongeza Greg Kroah-Hartman. Tunakileta hapa kwa sababu matoleo mawili ya mwisho yana leseni huru, na mtu yeyote anaruhusiwa kuyafasiri kwa Kiswahili. Kwa hiyo suala la istilahi zake si suala la nadharia tupu. Tutashughulikia sehemu moja tu, inayohusu kazi ambazo kiini cha mfumo endeshi huziahirisha.

Jambo lenyewe ni hili. Kifaa, mathalan kadi ya mtandao, kikipata data huikatiza prosesa. Kiini huacha kilichokuwa kikifanywa na kukipokea kilicholetwa. Mapokezi hayo hayana budi kuwa mafupi, kwani yanapoendelea wito mwingine wa kifaa hicho huwa umezuiwa, na data inayofika wakati huo yaweza kupotea. Basi mpokezi huchukua kilicholetwa, huitia kazi iliyobaki katika foleni, kisha huondoka. Kazi hiyo hufanywa baadaye kidogo, mlango ukiwa umefunguliwa tena.

Kwa kufuata desturi iliyorithiwa, waandishi huziita sehemu hizo mbili nusu ya juu na nusu ya chini. Hapa ndipo ugomvi wetu unapoanza. Nusu ni neno la kipimo. Juu na chini ni maneno ya mahali. Jambo linaloelezwa ni la wakati na idhini: kazi itafanywa lini, na je, inaruhusiwa kulala ikingoja kitu kingine? Tena hiyo inayoitwa nusu ya chini aghalabu ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Kana kwamba haitoshi, jina hilohilo lilikuwa pia jina la utaratibu mmoja maalumu katika kiini cha Linux, wenye nafasi 32 tu, ambamo kazi moja tu iliweza kuendelea kwa wakati mmoja hata mashine ikiwa na prosesa nyingi.

Tasikileti nayo ina kasoro yake. Kwa umbo ni neno la udogo, na mfasiri mwenye haraka ataiita kijikazi. Lakini si lazima iwe ndogo, wala haihusiani na kile ambacho kiini hukiita kazi, yaani programu inayoendeshwa. Mfasiri huyo atakuwa amekosea mara mbili kwa neno moja.

Hata hivyo toleo la pili lina sura ya sita, iitwayo Mtiririko wa Wakati, ambayo kwetu ndiyo bora katika kitabu kizima. Humo foleni za kazi zimepewa majina kwa kadiri ya wakati wa kumwagwa: tq_timer humwagwa saa ya mashine inapopiga, tq_immediate humwagwa upesi iwezekanavyo. Jina ni ahadi. Kisha waandishi hawasemi tu, wanaonyesha: programu ndogo ya mfano huchapa jedwali la kila zamu, pamoja na jina la programu iliyokuwa ikiendeshwa wakati huo. Msomaji anaona kwa macho yake kwamba kazi ya kifaa hufanywa ndani ya muda wa programu isiyojua lolote.

Foleni hizo ziliondolewa katika kiini wakati wa mfululizo wa 2.5, na toleo la tatu halina budi kuziacha. Sura imepewa jina jipya, linalotaja wakati, ucheleweshaji na kazi zilizoahirishwa. Jina kweli zaidi, lakini kavu. Faida yake ni kwamba suala la kulala sasa limewekwa mbele: tasikileti hairuhusiwi kulala, ilhali kazi iliyowekwa katika foleni mpya, inayohudumiwa na mchakato wa kiini, yaruhusiwa.

Je, Kiswahili kiziite nini? Mlolongo tunaukataa, maana Mkenya akilisikia neno hilo hukumbuka uteuzi wa wagombea wa 1988, wapigaji kura walipopangwa nyuma ya wagombea au mawakala wao. Foleni inatosha. Kwa kazi yenyewe, tunapendekeza kiporo. Waandishi wa michezo wa Tanzania wamekwisha kulizoea kwa mechi iliyoahirishwa, na lina jambo ambalo nusu ya chini haina: kiporo ni kitu kilichokwisha kuandaliwa, kinachongoja mlaji, na kikicheleweshwa mno huchacha.

Pingamizi lipo, nalo si dogo. Kiporo ni chakula kilicholala. Kwa foleni mpya jina hili linapendeza, japo kulala kwa chakula ni kabla ya kuliwa na kulala kwa kazi ni katikati ya kufanywa. Kwa tasikileti, kiporo kilichokatazwa kulala ni kichekesho, na hapo tungemshauri mfasiri abaki na neno la kukopa mpaka mafundi wenyewe, wakizungumza kazini kwa Kiswahili, walipate lao.