Breki zikivuta kushoto, anza kulia

Gari moja la Probox lilikuwa limebadilishiwa pedi za mbele zaidi ya mara moja, kisha kalipa ya kushoto ikang'olewa ikawekwa nyingine, na bado lilikimbilia kushoto kila dereva alipokanyaga breki. Mwenye gari ni mama anayepeleka mananasi kutoka Thika hadi sokoni Ruiru. Kila gereji aliyoingia ilimpa hoja ile ile: gari linavuta kushoto, basi ugonjwa uko kushoto. Fundi aliyelimaliza tatizo, upande wa Kihunguro, alianzia gurudumu la kulia.

Sababu yake ni hii. Ukikanyaga breki, kila gurudumu la mbele hulirudisha gari nyuma upande wake. Likishika zaidi la kushoto, pua ya gari inageukia kushoto. Lakini tofauti hiyo inaweza kutokea kwa njia mbili: kushoto kumezidi, au kulia kumepungua. Masta silinda inasukuma mafuta kwa presha moja pande zote, na ni nadra sana breki kupata nguvu kuliko ilivyotengenezwa. Kuikosa nguvu ndiko kuna njia nyingi: pistoni iliyoshika kutu, pini za kalipa zilizokauka, grisi ya ekseli iliyorukia pedi baada ya mpira wake kupasuka, paipu iliyoziba. Kwa hiyo fundi anayecheza na uwezekano huanza kulishuku gurudumu linaloshika kidogo, lile lisilolalamika. Breki ya kushoto ya Probox hilo ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ilibadilishwa kwa kosa la kufanya kazi yake.

Magurudumu ya nyuma niyaache kando. Uzito hukimbilia mbele gari linapopunguza mwendo, na katika gari dogo breki za mbele hubeba karibu asilimia 70 ya kazi. Dramu ya nyuma ikikosa kushika, mara nyingi dereva hata hatambui.

Kabla ya kugusa jeki, fundi aliuliza: "Mama, inavuta hata kabla hujakanyaga, ama ukikanyaga tu? Na ukishikilia breki, inaendelea kuvuta ama inanyooka?"

Maswali hayo yanatenganisha magonjwa yanayofanana kwa nje. Gari linalovuta hata bila breki lina shida ya upepo wa tairi, alaimenti, tairi lenye kasoro ndani yake, au breki iliyokataa kuachia. Pengine halina shida yoyote, kwa sababu barabara hujengwa na mwinamo ili maji ya mvua yatiririke pembeni, nasi tunaoendesha kushoto hutelemka nao. Gari linalovuta wakati wa breki na kisha kuruka upande wa pili mguu unapotoka lina bushi zilizochoka kwenye mikono ya chini ya magurudumu: breki inausukuma mkono nyuma, gurudumu linageuka kidogo, na ukiachia linarudi kwa kishindo. Linaloanza vizuri asubuhi na kuvuta baada ya breki kupata moto linakuelekeza kwenye pedi.

Mama alijibu: "Inaruka kushoto kwanza. Nikishikilia, inanyooka."

Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha hapo. Pedi zenye grisi hazijirekebishi baada ya sekunde moja. Pini zilizokauka hazilainiki ghafla. Kinachochelewa kisha kikafika ni mafuta ya breki.

Hata hivyo hakuamini maneno matupu. Alisawazisha upepo wa matairi, akalipeleka gari kwenye sehemu tambarare ya lami mbali na ukingo. Hili la ukingo ni muhimu kwetu. Ukijaribu breki huku magurudumu ya kushoto yako kwenye changarawe na ya kulia kwenye lami, gari litavuta kulia hata kama limetoka kiwandani jana, na barabara nyingi zinazoingia mitaa ya Ruiru zina kingo za namna hiyo. Alikanyaga mara kadhaa kwa mwendo wa wastani, mikono ikiwa mepesi juu ya usukani, akarudi na kupima joto la diski kwa kipimajoto kile cha kuelekezea mwanga. Asiye nacho anaweza kudondosha maji kidogo kwenye kila diski na kutazama wapi yanachemka; kiganja kisitumike, diski inaweza kukutoa ngozi. Ya kulia ilikuwa na joto dogo kuliko ya kushoto. Diski iliyopoa baada ya breki nyingi ni diski isiyofanya kazi.

Sasa gari likapandishwa, na ndipo ulipokuja ufundi wenyewe. Kijana wa gereji aliketi kwenye usukani na kukanyaga breki polepole, fundi akifungua nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa ya kushoto. Mafuta yalitoka kwa nguvu. Wakafanya vivyo hivyo kulia: yakachuruzika. Fundi wa haraka angeagiza kalipa ya kulia papo hapo. Huyu alirudi nyuma hatua moja, akafungua kiungo ambapo paipu ya chuma inakutana na paipu ya mpira inayoshuka kwenye gurudumu. Hapo mafuta yalimwagika vizuri. Kizuizi kilikuwa kati ya kiungo hicho na nipo, na mshukiwa wa kwanza hapo ni kipande kifupi cha mpira.

Mtihani huo una upande wa pili unaofaa kujulikana, kwa breki iliyogoma kuachia. Gurudumu likiwa limebana huku mguu umetoka, fungua nipo. Likiachia, basi presha ilikuwa imefungiwa. Likibana tena, sasa legeza kiungo cha juu ya mpira: likiachia hapo, shida iko nyuma zaidi, pengine kwenye masta silinda, lisipoachia hadi ufungue nipo, ni mpira wenyewe. Na kama kufungua nipo hakubadilishi chochote, acha kufikiria mafuta, utafute kutu kwenye pistoni au pini. Dakika chache na spana moja, bila kununua kitu.

Kwa nje paipu ile haikuwa na alama yoyote. Walipoipasua kwa kisu, ukuta wa ndani ulikuwa umevimba hadi kubaki mwanya mwembamba. Hapo tabia nzima ya gari inaeleweka. Mwanya mwembamba hauzuii presha, unauchelewesha mtiririko. Mguu ukitua ghafla, kushoto kunashika mara moja na kulia kunasubiri. Ukishikilia, presha inalingana na gari linanyooka. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwenye Thika Road gari hupita takribani mita 28 kila sekunde, kwa hiyo kuchelewa kwa nusu sekunde ni mita 14 za kuelekea kwenye matatu iliyosimama kushusha abiria.

Ndiyo maana pia sioni ajabu hitilafu ya aina hii ikipita kwenye ukaguzi. Mashine ya roli hupima nguvu ya kila gurudumu na kulinganisha pande mbili. Ulaya, tofauti ikizidi asilimia 30 kwenye ekseli moja gari linaanguka. Ni kipimo kizuri. Lakini ukikanyaga polepole juu ya roli, upande unaochelewa unapata muda wa kufika, na karatasi inatoka safi.

Mpira huvimba kwa nini? Umri kwanza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa na zaidi ya miaka 8, na mengi hufika yakiwa yamekaribia kikomo hicho. Yakitembea hapa miaka kumi mingine, paipu zile zile za Japani zinakuwa na miaka kama 17, na hakuna anayezikumbuka kwa sababu hazivuji. Pili, kishikio cha chuma kinachoubana mpira katikati huota kutu, kutu inajaza nafasi, na mpira unakabwa kutoka nje. Matope ya Juja na vumbi la machimbo ya Ndarugo hayasaidii. Tatu ni dhambi ya chupa: mtu anaona mafuta ya breki yamepungua, anaongeza ya usukani au ya injini yaliyo karibu. Mpira wa breki hauvumilii mafuta yatokanayo na petroliamu. Unavimba kila mahali, kuanzia masta silinda hadi kalipa. Ndiyo sababu fundi aliyachunguza mafuta ya kwenye kikopo kabla ya kufunga paipu mpya. Yangekuwa yamechanganywa, bili ingekuwa ya mfumo mzima.

Mvuto una kichocheo kingine nje ya breki. Nimesikia vijana wa matatu wakisema gari lao lilianza kuvuta baada ya kuwekwa rimu pana, na wakachekwa. Hawakukosea. Mhimili ambao gurudumu linageukia hugusa ardhi mahali fulani karibu na katikati ya tairi. Rimu inayolisukuma tairi nje huongeza umbali kati ya sehemu hizo mbili, na tofauti ndogo ya breki, ambayo awali usukani uliimeza, sasa inapata wenzo mrefu wa kuzungusha gurudumu. Audi 80 ya mwaka 1972 ilijulikana kwa kupanga umbali huo kinyume, ili upande unaoshika zaidi ujielekeze wenyewe kurudisha gari kwenye mstari. Spesa ya bei nafuu inayolisukuma gurudumu nje inaweza kuiharibu hesabu ya wahandisi.

Linaloniudhi katika kisa hiki ni bili. Gereji za mwanzo zilitoza spea na kazi ya kuzifunga, na mama akalipa bila kunung'unika kwa sababu aliona kitu kipya kwenye gari. Fundi huyu alipotaja pesa ya kuchunguza, mama aliuliza ni ya nini ilhali hajabadilisha chochote. Tukiendelea kuwalipa mafundi kwa uzito wa vipuri tu, watatuuzia vipuri.

Paipu zote mbili za mbele zilibadilishwa, maana ya kushoto ina umri ule ule, mafuta mapya yakatiwa na upepo ukatolewa kuanzia gurudumu la mbali. Barabarani gari lilisimama sawa. Lakini mguu ulipotoka, usukani ulicheza kidogo kulia, jambo lililokuwa limefichwa na ule mvuto mkubwa. Walitia nondo kwenye mkono wa chini wa kulia na bushi ya nyuma ikapanuka kama mdomo. Bushi iliagizwa, na gari likapangiwa alaimenti baada ya bushi hiyo kufungwa, kwa sababu kuifanya kabla kungekuwa kuitupa pesa.