Tao lisilobeba kitu

Huku Kizota, Dodoma, nilisimama kumtazama fundi mwashi akimalizia dirisha la kanisa jipya. Lenta ya zege na nondo ilikuwa imeshakauka. Akachukua mwiko, na juu ya lenta akachora kwa plasta tao lililochongoka, bila kipimo, kwa mkono usiotetemeka. Nilimsifu kwa moyo wote. Lakini tao lile halibebi hata kilo moja.

Waashi wa Kigothi walichongoa tao ili libebe. Ncha yake huuteremsha uzito wa dari la mawe, na msukumo unaobaki hupokewa na mihimili iliyoegemea ukuta kwa nje. Hivyo ukuta ukaachwa huru kupokea vioo vya rangi, kama pale Saint-Denis karibu na Paris katika karne ya 12. Wabizanti walikuwa wamekwisha kushika njia nyingine: kuba la duara juu ya nguzo nne. Kuba la Hagia Sophia la mwaka 537, lenye upana wa mita 31 hivi, lilianguka mwaka 558. Wakalijenga upya, wakaliinua zaidi ili lisisukume sana pembeni. Huo ndio ufundi: kuangukiwa na kazi yako, kisha kuielewa.

Sisi tumerithi njia zote mbili. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, ni la Kigothi; kanisa kuu la Anglikana hapa Dodoma mjini limevaa kuba. Mimi nalipenda kuba. Waashi wa Kigothi waliitafuta nuru kwa sababu kwao ni haba; jua la Dodoma halitafutwi, linakukuta. Babu zetu Wagogo walilijua hilo, wakajenga tembe lenye kuta nene za udongo na uwazi mchache, na ndani mkawa na ubaridi saa saba mchana.

Hata Askofu Steere, alipoanza kanisa la Mkunazini, Unguja, mwaka 1873, alichukua madirisha ya Kigothi lakini paa akalifinyanga kwa matumbawe na saruji, vitu vya pale pale. Leo tunaezeka bati, waumini wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo, na umbo la kale tunalipaka ukutani kama wanja.

Enyi kamati za ujenzi: wako bado wazee wanaojua kufunga tao kwa tofali za kuchoma. Kabla hamjaagiza bati, mpeni mmoja wao vijana wawili na mlango mmoja.