Niko Kadi

Garsen ni mji wa kungoja. Barabara inayotoka Malindi hugawanyika Minjila, tawi moja likashika njia ya Lamu na jingine likapita Garsen kwenda Hola na Garissa. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, magari ya Lamu yalilazimika kusafiri kwa msafara, polisi wakiyasindikiza. Na Mto Tana ukifurika, kama Novemba 2023, maji huikata barabara kule Lango la Simba, na abiria hushuka na mizigo yao kutafuta mashua. Kwenye kungoja huko, chini ya mwarobaini, ndiko nilikofundishwa poka.

Poka hii si ile ya Marekani ya kuwekeana dau. Ni ile ambayo karibu kila Mkenya aliyelala bweni anaijua: unafuata aina au namba ya karata iliyo juu, na wa kwanza kuzimaliza zake ndiye mshindi. Mbili humwokotesha anayefuata karata mbili, tatu humwokotesha tatu. J humruka mtu, K hugeuza mwendo. Malkia na nane ni maswali: ukiuliza, ujibu mwenyewe kwa karata ya aina ileile, la sivyo uokote. A huzima adhabu, au humpa mwenyewe nafasi ya kuomba aina aitakayo. Hayo yote utayashika kabla chai haijapoa. Ufundi huja polepole zaidi.

Ufundi wenyewe umelala katika maneno mawili. Anayeona kwamba zamu yake ijayo atamaliza, sharti atangaze: niko kadi. Asipotangaza, hata kama mkononi ana karata inayoingia sawasawa, ushindi si wake. Wala hawezi kumalizia kwa karata ya nguvu. Ya mwisho lazima iwe jibu la kawaida, kama nne, sita au tisa. Kwa hiyo mchezaji hodari hupanga mkono wake kuanzia mwisho. Kwanza huchagua jibu atakalofungia, halilegezi, kisha hutafuta maswali ya kumfikisha hapo.

Tena si lazima abakiwe na karata moja. Nimemwona kijana ameshika nne, akasema niko kadi kwa utulivu kabisa, na zamu iliporudi akazishusha kwa mkupuo: nane ya shupaza, malkia wa shupaza, malkia wa uru, sita ya uru. Kila karata iliifungulia njia inayofuata. Sijui namna nyingine ya kuuita mpangilio kama ule isipokuwa uzuri.

Wazee wa pwani wana mchezo wao wa karata, wahedi wa sitini, na heshima yake naijua: A pointi 11, saba 10, mfalme 4, J 3, malkia 2, jumla 120, anayefikisha 61 ameshinda. Lakini poka ina sharti ambalo nalistahi zaidi. Kule kwenye meza za kamari za Las Vegas, siri hulindwa mpaka dakika ya mwisho. Hapa unatakiwa kuwaambia wapinzani wako wazi kwamba umekaribia, uwape nafasi ya kukuzuia, na bado ushinde.

Nausifu mchezo usio na pesa. Noti zikishawekwa kwenye mkeka, mbali na uharamu wa kamari kwa Mwislamu, hakuna tena anayemfundisha mgeni, kwa sababu ujinga wake umekuwa mali ya wengine.

Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa kwenye delta hii ya Tana katika mapigano ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji. Sidai kwamba karata huleta amani. Nasema tu kwamba nimeketi mkeka mmoja na vijana wa pande zote mbili, goti kwa goti, na kila mmoja ilimbidi amsome mwenzake usoni kwa makini, akumbuke alichotupa na alichokosa.

Kukumbuka huko ndiko kunakozuia ushindi wa mwingine, na hilo ndilo somo gumu kuliko yote. Mwendesha bodaboda aliyenifundisha alinikataza kuitumia A mapema. "Kaka, hiyo iweke. Utaitaka mtu akisema kadi." Basi unaishikilia, huku ukiokota adhabu ambazo ungeweza kuzizima, na macho yako yakiwa kwenye rundo. Jirani akitangaza niko kadi, unajiuliza ni aina gani ilipoombwa akaokota. Kama ni pau, unaishusha A na kuomba pau. Anaangalia mkono wake, anaokota, mkeka mzima unapiga kelele, naye anacheka pamoja nao huku akizipanga upya karata zake, kwa sababu mchezo sasa ni wa yeyote.