Saa ya Kiswahili Katika Mashine

Miongoni mwa amana za utamaduni wetu ni hesabu ya saa. Mswahili huhesabu tangu macheo hadi machweo, kisha huanza upya. Hesabu hii haikuzuka bure, kwani karibu na Ikweta mchana na usiku hulingana takriban mwaka mzima.

Siku hizi mwandishi wa programu za simu hazipangi tarehe na saa kwa mkono wake. Huutaja wakati na lugha aitakayo, na kiolesura kilichowekwa tayari humrudishia maandishi. Katika JavaScript kazi hiyo ilipata kanuni rasmi mwaka 2012; maneno yenyewe kwa kawaida hutoka katika hazina ya CLDR ya shirika la Unicode. Kiswahili kimo humo: Jumamosi, Januari, alfajiri, jioni. Hilo ni la kupongezwa.

Lakini tukichungua, twaona kasoro. Kiolesura hicho chajua namna nne za kuhesabu saa, na zote huanzia saa sita ya usiku au ya mchana. Hakuna hata moja ianzayo macheo. Ndiyo maana huzaliwa maandishi kama "6:00 jioni", usemi asioutamka Mswahili yeyote. Maneno ni yetu. Hesabu si yetu. Ethiopia nayo imepatwa na hali iyo hiyo: kalenda yake ya miezi 13 imekubaliwa, ila saa yake ianzayo asubuhi haimo.

Hasara yake si ya maneno matupu. Abiria wa Kinyerezi aliyepata ujumbe kwamba basi litaondoka Mbezi saa 12:00 hana budi kuuliza: alfajiri au adhuhuri? Saa ya mishale ilikuwa na huruma, kwani mtu aliweza kusoma upande wa pili wa mshale. Tarakimu hazina upande wa pili.

Wapo wasemao yatosha kuirudisha saa ya simu nyuma kwa saa sita. Dawa hiyo yazidisha ugonjwa, maana tarehe nayo huharibika, na kila ujumbe hubeba muhuri wa uongo.

Yafaa wakati wenyewe uhifadhiwe kama ulivyo, na hesabu ya macheo iwe namna ya tano. Isilazimishwe, kwa kuwa viwanja vya ndege vina haja ya saa 24, mtumiaji achague. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, pamoja na vijana wetu waandikao programu, hawana budi kulidai jambo hili. Tusipolidai sisi, hakuna mgeni atakayelikumbuka.